Ulichokikuta Ndani ya Gunia

Somo la wiki. Andiko: Mwanzo 42:25-28 na 43:11-23. Lisome kwanza nyumbani, kisha tuendelee.

Somo hili lilitokana na swali lililoulizwa kwenye ushirika wa nyumbani, na tulipolipeleka kwenye vikundi vingine tukakuta ni swali la wengi. Dada mmoja alinunua kompyuta town, kwenye duka lenye kioo na risiti. Mashine ni ile ya ex-UK, imetumika lakini ni safi. Muuzaji akamwambia kila kitu kiko ndani: Windows, Office, hata programu ya kuhariri picha. Miezi kadhaa baadaye kompyuta ikawa nzito, akaipeleka kwa kijana anayeyajua mambo hayo, na kijana akamwambia, "Dada, hii yote imekrakiwa. Hakuna hata moja yenye leseni." Dada akabaki na swali lake: sasa mimi nimekuwa mwizi?

Kabla ya kumjibu, twende kwa wana wa Yakobo. Njaa iko Kanaani. Wameshuka Misri kununua nafaka, wamelipa, wamepakia punda. Hawajaiba kitu. Lakini Yusufu ameamuru fedha ya kila mmoja irudishwe kimyakimya ndani ya gunia lake. Njiani, mahali pa kulala, mmoja anafungua gunia ampe punda wake chakula, na fedha ile pale juu. Wanaishiwa nguvu. Wanaanza kutetemeka na kuulizana Mungu amewafanyia nini. Nyumbani wanamwaga magunia yote, kila mtu anakuta kifurushi chake, na baba yao pamoja nao wanashikwa na hofu.

Angalia hali yao vizuri. Ndani ya mzigo walioununua kwa haki kimepatikana kitu ambacho hakikupaswa kuwa humo. Hawakukiweka wao. Hawajui nani alikiweka. Na hakuna mtu aliyewafuata nyuma akidai. Ndipo alipo dada yetu leo.

Biblia haifichi kwamba hawakurudi siku ileile. Walikaa na ile fedha mpaka chakula kikaisha, nasi tunawaelewa kabisa. Ni mzee Yakobo anayelitoa neno: bebeni fedha mara mbili, na ile iliyorudi magunani mwenu irudisheni, pengine mtu alikosea. Mzee hakuanza kwa kutafuta wa kulaumiwa. Na wakifika Misri hawangoji kukamatwa. Wakiwa bado mlangoni pa nyumba ya Yusufu wanamwendea msimamizi wake na kumweleza wenyewe, ingawa wanaogopa watafanywa watumwa na punda wao wachukuliwe. Msimamizi anawatuliza. Fedha yenu, anasema, mimi niliipokea.

Hapo ndipo habari yao inapoachana na yetu. Mtu aliyetengeneza programu iliyo kwenye kompyuta yako hawezi kusema aliipokea fedha yako. Pesa ulitoa, kweli, lakini ziliishia dukani.

Ruhusa ya kutumia

Wengi wetu tukinunua kompyuta tunadhani tumenunua na kila kilicho ndani. Mashine ni yako, ndiyo. Programu ni jambo lingine: aliyeiandika anabaki mwenyewe, na wewe unalipia ruhusa ya kuitumia. Hiyo ruhusa ndiyo leseni. Ni kama chumba cha kupanga. Mwenye ploti anakupa ufunguo, unaishi kwa amani, lakini chumba hakijawa mali yako. Sasa fikiria kuna mtu mtaani amechonga ufunguo unaofungua kila chumba cha ile ploti. Anakuingiza ndani na kukuambia, "Kaa tu, kodi ilishalipwa." Wewe umemlipa yeye. Mwenye ploti hajaona hata shilingi.

Ufunguo huo wa kuchonga hufanya kazi hivi. Kampuni zenye kompyuta nyingi huwekewa mtambo wao wa ndani unaothibitisha leseni za mashine zote, na kila mashine hutakiwa kuthibitishwa upya kabla ya siku 180 kwisha. Programu ya kuvunja leseni hujifanya mtambo huo. Kompyuta ya dada anayechapa barua za chama cha akina mama inaaminishwa kwamba ni ya shirika kubwa lililolipa. Uongo huo unaendelea kusemwa ndani ya mashine kila mara muda ukikaribia kwisha, hata kama mwenye kompyuta hajasema neno.

Kwa sheria ya nchi hakuna utata. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazihesabu programu za kompyuta kuwa kazi za uandishi, kundi moja na vitabu. Katiba ya 2010, kifungu cha 40, inaitaka serikali ilinde mali ya ubunifu ya watu wa Kenya.

Lakini tuache sheria kidogo, maana kinachotushinda wengi si kutojua sheria. Ni ile sauti ya ndani inayosema, "Hao ni matajiri, hawatasikia chochote." Kwanza, Walawi 19:15 inakataza kumpendelea maskini kwenye hukumu kama inavyokataza kumpendelea mkubwa. Utajiri wa mtu haufanyi mali yake iwe ya kuokota. Pili, si wote ni matajiri. Februari 1976 Bill Gates alikuwa kijana wa miaka 20, na aliandika barua ya wazi kwa wapenzi wa kompyuta Marekani akilalamika kwamba wengi wanatumia programu yake ya BASIC bila kuilipia. Bilioni zilikuja baadaye. Na leo hapa kwetu wako vijana, baadhi yao wanakaa viti vya nyuma kanisani, wanaoandika programu za kuendesha SACCO, shule na zahanati. Yakobo 5:4 inazungumza juu ya vibarua waliovuna mashamba na ujira wao ukazuiliwa, kilio chao kikamfikia Bwana. Kijana aliyekesha miezi minane akiandika programu ya karo, kisha shule ya pili ikainakili kwa flashi kutoka shule ya kwanza, yeye naye ni kibarua aliyevuna.

Sisi watu wa kanisa tunaelewa hili vizuri likitugusa. Nyimbo za waimbaji wetu wa injili zikinakiliwa na kuuzwa barabarani, tunasema ni wizi. Hatusemi ni msaada wa kueneza injili.

Nyama ya sokoni

Kuna ndugu atatufungulia 1 Wakorintho 10:25, pale Paulo anapowaruhusu waamini wale nyama yoyote inayouzwa sokoni bila kuulizauliza kwa sababu ya dhamiri. Atasema: mimi nilinunua dukani, sikuulizwa wala sikuuliza, nimekula kwa shukrani. Ni hoja ya maana, na sehemu yake tunaikubali. Hakuna anayetakiwa kuingia kila duka kama askari wa upelelezi. Uliponunua kwa moyo safi, hukuiba. Hilo dada yetu alisikie na alale usingizi.

Lakini soma mpaka mstari wa 28. Mtu akikueleza kwamba nyama hii ilitolewa kwa sanamu, Paulo anasema acha. Nyama ni ileile, mchinjaji ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba sasa umeambiwa. Na hata nyama ile ilikuwa imelipiwa, mwenye mbuzi alipata chake. Suala lilikuwa dhamiri. Hapa kwetu kuna dhamiri na kuna deni pia. Luka 12:47-48 nayo inatenganisha mtumishi asiyejua na yule anayejua. Mpaka siku ya kijana yule na ile kompyuta, dada alikuwa mtumishi wa kwanza. Kuanzia siku ile, yeye ni wa pili.

Kwa hiyo swali la "mimi ni mwizi?" tunaliacha nyuma. Kilicho mbele yake ni: nimeshajua, sasa nitafanya nini?

Jinsi ya kujua

Wengine hamjui mko upande gani, na kuangalia ni kazi ya dakika mbili. Kwenye Windows 10 au 11 fungua Settings, tafuta Activation. Ukikuta imeandikwa kwamba ina leseni ya kidijitali, hiyo ni dalili njema. Ukikuta imeandikwa kwamba imewezeshwa kupitia huduma ya shirika lako, na wewe huna shirika lolote, huo ni ule ufunguo wa kuchonga. Dalili nyingine ni maneno ya muuzaji mwenyewe. Akikuambia usiwahi kukubali masasisho, au usiwashe kinga ya virusi kwa sababu "itaharibu Office," amekwisha kukiri. Kinga huzimwa ili isiione ile programu ya kuvunja leseni.

Na hapa kuna hatari ambayo haina uhusiano na dhamiri. Mlinzi aliyelazwa usingizi ili mwizi mmoja apite hataamka mwizi wa pili akija. Mwaka 2021 watafiti wa usalama wa kampuni ya Red Canary walieleza jinsi vifurushi vilivyojifanya KMSPico, moja ya programu maarufu za kuvunja leseni, vilivyokuwa vimebeba kirusi kinachoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kompyuta. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Dawa yake ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu Machi, lakini mashine zisizosasishwa hazikuwa nayo. Ukifungua benki, iTax au akaunti ya chama kwenye mashine ya namna hiyo, unahesabu pesa huku mlango uko wazi.

Kufanya nini

Habari njema ya kwanza wengi hawaijui. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji wakubwa wa kompyuta wamekuwa wakihifadhi ufunguo wa leseni ndani ya mashine yenyewe kiwandani. Kompyuta nyingi za ex-UK zilizotoka na Windows 10 au 11 bado zina leseni yao halali, imelala tu. Fundi wa duka, kwa mazoea, alifuta kila kitu na kuweka toleo lake la flashi analoweka kwenye mashine zote, kwa hiyo akaiba kitu ulichokuwa nacho tayari! Mwambie fundi mwaminifu apakue Windows kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, aweke toleo lilelile lililokuja na mashine. Mara nyingi ikiunganishwa na intaneti inajitambua bila gharama. Angalieni tu kwamba masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine kuukuu kiasi hazikubaliki kwa Windows 11.

Kabla ya kufuta, nakili barua zako, picha na mahubiri yako kwenye diski ya nje. Programu usizinakili. Baada ya hapo badilisha nywila zote, na uzibadilishe ukitumia kifaa ambacho ni kisafi.

Kama leseni haimo, kuna kulipa na kuna kuhama. Kulipa si mchezo. Bei ya Windows 11 Home iliyotangazwa Marekani ni dola 139, na kwa dola moja shilingi 129 hiyo ni karibu shilingi 18,000, pesa ambayo inaweza kununua kompyuta nyingine iliyotumika. Hatutamwambia mama anayeuza sukuma wiki, aliyejinyima akamnunulia mtoto kompyuta ya chuo, kwamba atoe kiasi hicho kesho asubuhi. Ahame. LibreOffice, iliyoanza 2010, inaandika barua na kupiga hesabu, inafungua faili za Word, na ni bure kwa ruhusa kamili ya walioitengeneza. Badala ya Windows kuna Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, na moja ya matoleo yake yanayojulikana sana, Ubuntu, lilianzishwa 2004 na Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth. Utahangaika wiki ya kwanza, vitufe haviko pale ulipovizoea. Watu wamehangaika kwa mambo madogo kuliko haya.

Wale mnaotumia kompyuta kuingiza pesa, yaani saiba, ofisi ya uchapaji, studio ya picha za harusi, kwenu neno ni zito zaidi. Programu ile ni jembe lako la kazi. Daudi alipopewa kiwanja na ng'ombe bure na Arauna, alikataa kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu, akalipa shekeli 50 za fedha (2 Samweli 24). Fungu la kumi linalotoka kwenye studio yenye programu ya kuvunjwa kufuli lina swali ndani yake. Pangeni bajeti, mnunue moja moja, na ile ambayo hamjaiweza mtumie mbadala wa bure.

Muuzaji

Rudi dukani, na risiti mkononi, bila kelele. Kama ni ndugu katika imani, Mathayo 18:15 imekupa njia: wewe na yeye kwanza, peke yenu. Muulize swali moja rahisi, "Kompyuta hii uliniuzia na leseni gani?" Una haki ya kuuliza. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inachukulia kwamba anayekuuzia kitu ana haki ya kukiuza, na kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa wewe mnunuzi haki ya kupewa habari za kukuwezesha kufaidi ulichonunua. Mwombe akuwekee halali au akurudishie sehemu ya pesa. Wengine watakurekebishia palepale, kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kuwauliza. Akikucheka, ipo Mahakama ya Madai Madogo kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja, ingawa kwa jambo la ukubwa huu wengi mtaona heri kusamehe na kwenda duka jingine. Hilo ni uamuzi wako. Paulo ana maneno juu ya kupelekana mahakamani kwenye 1 Wakorintho 6.

Na ninyi wenye maduka na mafundi, tunawajua mko wengi katika ushirika huu na tunawaheshimu kwa kazi yenu. Tunajua pia shida yenu: mteja akisikia bei yenye leseni anavuka barabara kwenda kwa jirani. Kumbukumbu la Torati 25:13 inakataza kubeba mawe mawili ya kupimia katika mfuko mmoja. Anzeni hapa: andikeni bei mbili wazi, mashine yenye leseni na mashine tupu, mteja achague akijua. Mkiwekea mtu Ubuntu na LibreOffice na kumfundisha nusu saa, mtozeni kwa hiyo nusu saa. Ni kazi halali na ina wateja.

Madhabahuni nako

Kompyuta inayorusha maneno ya nyimbo kwenye ukuta kila Jumapili, ile ya ofisi inayochapa jarida hili, na ile ya timu ya midia ya kuhariri mahubiri, zote zilinunuliwa mahali fulani na mtu fulani aliyeambiwa kila kitu kiko ndani. Mwenye kuongoza timu ya midia aziangalie moja baada ya nyingine na kupeleka orodha kwa wazee: kipi kina leseni, kipi hakina, kipi kina mbadala wa bure, kipi kitahitaji pesa. Wazee nao wakishaipokea watakuwa wamejua, na tumekwisha kusema kujua kunaleta nini. Mshiriki yeyote ana ruhusa ya kuuliza orodha hiyo imefikia wapi.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

Wana wa Yakobo walikaa na fedha mpaka njaa ikawarudisha. Ni nini kiliwafanya wangoje, na kwako ni nini kinachokufanya ungoje? Yakobo alisema pengine mtu alikosea: je, unaweza kumfikiria hivyo muuzaji wako kabla hujaingia dukani kwake?

Jadilini pia hali hii, na msikimbilie jibu. Mzee mmoja alimnunulia binti yake kompyuta miaka miwili iliyopita. Binti yuko mwaka wa mwisho chuoni, na programu ya takwimu anayoitumia kwa mradi wake ameigundua haina leseni. Leseni yake hawaiwezi, na mradi unatakiwa baada ya wiki tatu. Maabara ya chuo ina programu hiyohiyo kwa halali, ila hufungwa saa kumi na moja jioni na foleni ni ndefu. Baba anasema amalize kwanza, watatengeneza mambo baadaye. Binti hana amani. Kikundi kitamshauri nini, na ni nani kati yenu anayeweza kumsaidia kufika maabara mapema?